Maiki Niliyoifungia Kabatini

Nilimnyima mtoto wa watu sauti yangu, na chombo nilichotumia ni ufunguo. Bado nafundisha shule ya msingi hapa Puge, katikati ya Nzega na Tabora, na wazazi watakaosoma maungamo haya watanitambua. Waache wanitambue. Kosa nililifanya mbele ya darasa zima, na sioni haki ya kulitubu chumbani peke yangu.

Kitu nilichokifungia kilikuwa kidogo, cha kuenea kiganjani: kipaza sauti kisichotumia waya. Watoto sasa wanakiita maiki, nami nitakiita hivyo. Kilikuja na jozi ya shimesikio za kidijitali, zile ambazo hapa kijijini tunaziita mashine za masikio, alizopewa mwanafunzi wangu mmoja katika kambi ya upimaji Tabora mjini. Jina lake silitaji, nitamwita binti. Analelewa na bibi yake, mkulima wa mpunga na viazi, na bibi huyo ndiye aliyempeleka mjini kwa basi la alfajiri na kurudi naye jioni, vifaa viwili vya rangi ya kahawia vikiwa vimekaa nyuma ya masikio ya mtoto. Asubuhi iliyofuata walifika shuleni wote wawili. Nilimwamkia bibi, akaitikia, kisha akanikabidhi kiboksi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hizi za masikioni ni za mtoto. Hii wamesema ni ya kwako, uivae shingoni."

Nilishukuru, nikamsindikiza hadi getini, nikarudi ofisini. Mimi pia ndiye mtunza stoo. Nikaiandika maiki kwenye leja ya vifaa, nikaiweka kwenye kabati la chuma pamoja na kompyuta mpakato ya shule, nikafunga. Ilikaa humo mwaka mzima na zaidi.

Anayezifahamu shule zetu ataelewa jinsi mkono ulivyokwenda kwenye kitasa bila kufikiri. Kifaa cha msaada kikipotea, anayeulizwa ni aliyesaini. Nimeshuhudia vitabu vipya vikiliwa na mchwa ndani ya maboksi kwa sababu aliyevipokea aliogopa watoto watavichana. Lakini nikisema kwamba hofu ya leja ndiyo iliyonifikisha hapo, nitakuwa nimeungama nusu. Nusu ya pili ni kiburi. Kuvaa kitu shingoni kwa ajili ya mwanafunzi mmoja, katika darasa la watoto zaidi ya 80, kuliniudhi. Nilijiuliza kwa nini mwalimu ndiye avalishwe kifaa ilhali mwenye tatizo ni mtoto. Karatasi ya maelezo iliyokuwa kwenye kiboksi ilikuwa ya Kiingereza, ila ilikuwa na picha zinazoeleweka kabisa: mwalimu amesimama, maiki iko kifuani, mshale unakwenda hadi kwa mtoto. Niliikunja nikairudisha ndani.

Na juu ya yote niliamini kwamba kazi imekwisha. Mtoto alikuwa hasikii vizuri, amevalishwa mashine, basi anasikia. Nilimchukulia kama mtu aliyepewa miwani. Miwani ikiwa ya kipimo sahihi, maandishi ya ubaoni yanasomeka hata ukiwa dawati la mwisho. Shimesikio hazifanyi kazi hivyo, na ujinga wangu katika jambo hilo aliulipia yeye.

Kabla ya mashine binti alikaa dawati la mbele, karibu na meza yangu. Baada ya mashine nilimpeleka nyuma, dirishani, ili nafasi yake ikaliwe na mtoto mwenye macho mabovu. Dirisha lile linatazama barabara ya lami, malori ya mpunga na mabasi ya Mwanza yanapita yakipiga honi. Zamani nilikuwa na desturi ya kumtazama usoni ninapozungumza, nikaiacha. Nikawa naandika ubaoni huku nasema na ukuta. Nikitaja jina lake asipoitika, nilisema kwa sauti ili darasa lote lisikie: "Una mashine sasa, huna kisingizio."

Kuna siku ya jaribio la Hisabati ambayo siwezi kuiruka. Niligawa karatasi zikiwa zimefunikwa, nikatoa agizo nikiwa mlangoni: "Msigeuze karatasi mpaka niseme." Watoto wote wakatulia. Binti akageuza yake, akaanza kuandika jina kwa mwandiko wake mzuri. Nikamwita mbele, nikamnyang'anya karatasi, nikampigisha magoti mpaka jaribio likaisha. Alilia bila kutoa sauti. Hakujua kosa lake ni lipi, na sikumweleza, kwa kuwa niliamini anajua.

Leo najua alichosikia. Sauti za irabu ni nzito na zina nguvu, zinafika hadi ukuta wa nyuma. Sauti kama s, sh, f na th ni nyembamba na dhaifu, zinakaa juu kwenye masafa ya maelfu ya hezi, na uziwi wa binti umekula hasa sehemu hiyo. Kukataza kwetu kote kumebebwa na silabi ndogo ya namna hiyo. Iondoe "si" katikati ya "msigeuze", kinachobaki ni amri ya kugeuza. Mtoto alitii. Katika darasa lile lote yeye ndiye aliyetii upesi kuliko wengine, nami nikampigisha magoti kwa utiifu wake. Tangu nilipolielewa jambo hilo nimeyapitia kichwani maagizo yangu ya kila siku, msitoke, msifute, msiandike bado, msisahau madaftari, na kila moja linanirudishia adhabu fulani niliyompa.

Katika Maarifa ya Jamii napenda sana kufundisha habari za njia ya misafara, maana ni habari za kwetu. Njia ilitoka Bagamoyo ikaja hadi Unyanyembe, Tabora ya leo, ambapo wageni wa wakati ule walipaandika Kazeh. Hapo iligawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini, upande wetu huu, kuelekea ziwani. Watoto wa hapa ni wajukuu wa wapagazi waliobeba pembe za ndovu katika njia hizo, kwa hiyo somo hilo halihitaji kushurutishwa. Na kila mwaka huwasimulia kisa cha John Hanning Speke. Mwaka 1858, akiwa katika Ziwa Tanganyika, usiku mmoja baada ya dhoruba, mbawakawa alimwingia sikioni. Akajaribu kumtoa kwa kisu kidogo, akajijeruhi. Sikio likavimba, likatoa usaha, na kwa miezi mingi hakusikia vizuri. Ni huyo huyo aliyeondoka Kazeh mwezi Julai mwaka ule akashika njia ya kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti akalifikia ziwa ambalo leo linaitwa Victoria. Nchi hii aliivuka akiwa na sikio bovu.

Kwenye kipande cha kisu darasa huvunjika mbavu kwa kucheka. Binti naye alicheka, ila nyuma ya wenzake kwa sekunde moja au mbili, macho yakizunguka kutoka uso huu hadi ule. Nililiona hilo. Nililiona zaidi ya mara moja, na tafsiri niliyoipa ni kwamba mtoto ana akili nzito. Nilisimama nikisimulia habari za mtu aliyepoteza usikivu wa sikio moja, mbele ya mtoto aliyepoteza wa masikio yote mawili, na kilichomfikia ni kicheko cha wenzake tu.

Ukaja Upimaji wa Taifa wa Darasa la Nne. Hakufaulu, akarudia darasa. Kwenye taarifa yake ya maendeleo niliandika kwa wino wa bluu: "Mzito kuelewa, hana bidii." Maneno hayo bado yapo kwenye faili. Nimekataa kuyafuta, nimeandika chini yake kilichotokea kweli, nikaweka saini.

Kabati halikufunguliwa kwa wema wangu. Alikuja mwalimu wa elimu maalumu kutembelea shule za huku kwetu. Akamwona binti pale dirishani, akaangalia aina ya shimesikio alizovaa, akaniuliza, "Maiki yake iko wapi, mwalimu?"

Nikamjibu kwa fahari, "Usiwe na wasiwasi, iko salama."

Alinyamaza kidogo. "Salama kwa nani?"

Tuliichaji hadi mchana. Watoto walipokwenda nyumbani tukabaki watu watatu darasani. Akamkalisha binti kwenye dawati lake la nyuma, ametupa mgongo, akanipa orodha ya maneno mafupi: fika, pika, shika, zika; saba, shaba, haba, kaba. Nilianza kuyasema nikiwa hatua moja nyuma yake, na binti akayarudia karibu yote. Kisha nikaenda ubaoni, mita kama 8, nikayasema tena kwa sauti ile ile. "Fika" akaijibu "ika". "Shika" ikawa "pika". "Saba" ikawa "haba". Kwa mengine alikaa kimya, mabega yamepanda, na mabega yale niliyafahamu: ndivyo alivyokaa kila siku nilipomwuliza swali.

Yule mwalimu akanivalisha maiki, shubiri moja kutoka kinywani. Akaniambia nitoke nje nisimame chini ya mwembe. Nikazungumza kwa sauti ya kawaida, ambayo hata mtu aliyesimama mlangoni angeipata kwa shida. Kutoka ndani, kupitia dirishani, nikasikia binti akijibu neno kwa neno. Fika. Shika. Saba. Shaba. Orodha ilikuwa ndefu zaidi, lakini nilishindwa kuimaliza.

Mwalimu yule alinieleza sababu, na baadaye nikatafuta mwenyewe kila nilichoweza kusoma. Sauti inayotoka kinywani hudhoofika kwa umbali: kila umbali unapoongezeka maradufu, zinapungua desibeli 6. Kutoka mita 1 hadi mita 8 umbali umeongezeka maradufu mara tatu, kwa hiyo desibeli 18 zimepotelea njiani. Kelele za darasa hazidhoofiki hivyo, kwa kuwa mtoto amekaa katikati yake. Maiki ndogo iliyomo ndani ya shimesikio iko pale sikioni, na inapokea kile tu kinachofika pale: sauti yangu iliyochoka, kikohozi cha jirani, dawati linaloburutwa, honi ya lori, na mwangwi wa chumba chenye kuta tupu na bati lisilo na dari. Shimesikio ya kidijitali ni chombo cha ajabu kwa kweli. Inaigawa sauti kwa masafa, inaongeza nguvu pale ambapo sikio limepoteza, inakuza sauti ndogo kuliko kubwa ili kubwa zisiumize, inapunguza mngurumo, inazuia mluzi. Nyingine zinaweza hata kuzishusha zile sauti nyembamba hadi kwenye masafa ambayo sikio bado linayapata. Lakini kilichopotea kabla ya kufika sikioni haina uwezo wa kukirudisha. Wataalamu wa usikivu wanashauri sauti ya mwalimu iizidi kelele ya darasa kwa desibeli 15 ili mtoto wa namna hii afuatilie somo. Pale dirishani mara nyingi kelele ndiyo iliyoizidi sauti yangu.

Maiki inauondoa umbali. Inaichukua sauti ikiwa bado nzima, karibu na midomo, inairusha kwa mawimbi ya redio moja kwa moja hadi ndani ya shimesikio, na mtoto aliye mwisho wa chumba anaipata kana kwamba nimeinama sikioni pake. Kwa maneno mengine, vile vifaa viwili vya masikioni na kile cha shingoni kwangu vilitengenezwa viwe kitu kimoja. Nilikuwa nimekikata vipande nikampa mtoto sehemu.

Usiku ule nilichukua madaftari yake yote nikayapitia, jambo ambalo mwalimu wa darasa alipaswa kulifanya mapema. Kurasa nyingi zilikuwa na mapengo: sentensi imeanza, imekatika, nyingine imeanza. Halafu kukawa na kurasa zilizokamilika, nadhifu, hazina kosa. Sikuelewa mpangilio wake mpaka nilipolinganisha tarehe na maandalio yangu ya masomo. Zilikuwa siku za mvua. Huku mvua zikianza Novemba zinapiga bati kwa nguvu kiasi kwamba hakuna anayemsikia mwenzake. Siku kama hizo naacha kuzungumza, naandika somo lote ubaoni, watoto wananakili na kufanya mazoezi. Siku za mvua darasa zima lilikuwa halisikii, na binti alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora. Mtoto mzito wa kuelewa hawezi kuwa mwepesi Januari mvua ikinyesha, kisha awe mzito Julai jua likiwaka. Ushahidi ulikuwa mezani kwangu muda wote, nimeusahihisha kwa mkono wangu na kuuwekea alama za vema.

Nilikwenda kwa bibi. Nilimkuta anaanika michembe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu, mwalimu."

Alinisogezea kigoda. Sikukaa kabla ya kusema nililoendea. Nilimweleza kila kitu, kabati, dirisha, magoti, maneno ya kwenye faili. Aliendelea kugeuza vipande vya viazi kwa muda, kisha akasema bila kuniangalia:

"Aliniambia. Si mara moja. Bibi, kile cha mwalimu mwalimu hakivai. Nikamwambia mwalimu ana sababu zake, usiwasumbue wakubwa." Akachukua kipande kingine. "Nilimnyamazisha kwa ajili yako."

Sijawahi kuambiwa neno lililonichoma kama hilo. Mtoto alikuwa anajua. Alijua kifaa chake kiko wapi, alijua ni cha kazi gani, kwa kuwa wataalamu walimwonyesha na akajaribu na kusikia. Kila asubuhi alikuja darasani akaniangalia shingoni, akaona hakuna kitu, akaenda kukaa dirishani. Na heshima ambayo watu wa Puge wanatupa sisi walimu, heshima ninayoipenda na kujivunia, ndiyo iliyomziba mdomo. Bibi hakusema amenisamehe. Alisema, "Uivae tu."

Kwa binti mwenyewe niliomba radhi mbele ya darasa, maiki ikiwa kifuani. Kwetu mtu mzima kumwomba mtoto radhi hadharani si jambo la kawaida, na baadhi ya wenzangu ofisini walisema nimejivunjia hadhi. Niliwaeleza wanafunzi habari ya "msigeuze", kwa nini alifanya alichofanya, na kwamba aliyekosea siku ile ni mimi. Binti alitazama chini. Sikumdai jibu, na mpaka leo hajanipa.

Kuivaa maiki kumenifunza mambo ambayo karatasi yenye picha isingenifunza. Siku za mwanzo nilisahau kuizima nilipotoka darasani, nikaingia ofisini tukajadili mambo ya wazazi na michango, na binti akaja mbio hadi mlangoni: "Mwalimu, nakusikia." Tangu hapo niliizima kabla ya kuvuka kizingiti. Nilijifunza pia kwamba mimi si sauti pekee darasani. Mtoto mwingine akiuliza swali kutoka pembeni, binti alipata majibu yangu tu asijue ni swali gani lililojibiwa. Kwa hiyo maiki ikaanza kutembea: anayetaka kusema aliishika. Mwanzoni walichekacheka, kisha wakaanza kuigombea, na darasa langu likapata utaratibu ambao fimbo haikuwahi kuuleta, kwa kuwa anayesema ni mmoja. Wapo watoto wenye haya ambao nilisikia sauti zao kwa mara ya kwanza wakiwa wameishika maiki ile.

Kuna kosa jingine ambalo sikulijua mpaka hapo. Betri za shimesikio za binti ni zile ndogo za namba 13, zenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukikibandua hewa inaingia na betri inaanza kufanya kazi, na haisimami hata ukikirudisha. Huku Puge haziuzwi. Huletwa na ndugu kwa basi kutoka miji mikubwa. Zikiisha, mashine haimsaidii tena, na kile kipande kilichochongwa kwa umbo la sikio lake kinaliziba tundu, akawa anasikia vibaya kuliko asiyevaa kitu. Binti aliniambia kwamba kuna vipindi alivaa mashine zilizokufa siku nyingi, kwa sababu akizivua ningemgombeza. Kuipima ni kazi ya kufumba na kufumbua: unaikumbatia mashine kwenye kiganja, ikiwa hai kwa kawaida inapiga mluzi. Tangu hapo tulifanya hivyo kila asubuhi baada ya kutoka mstarini. Kile kipande cha sikioni nacho kinapaswa kutengenezwa upya kadiri mtoto anavyokua, la sivyo sauti inavuja na mluzi hauishi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2021 ripoti kubwa ya usikivu. Inasema watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upotevu wa usikivu, na kwamba kati ya wale ambao shimesikio zingewafaa, wanaozitumia ni asilimia 17 tu. Niliposoma namba hiyo niliwaza kwanza umaskini, jozi moja inayoweza kula mshahara wa mwalimu wa miezi kadhaa. Kisha nikafikiria kabati langu. Binti alikuwa miongoni mwa wachache waliokwisha kufikiwa, hapa Puge, na mimi nikamrudisha kwenye kundi la wasiofikiwa.

Mambo yanabadilika upesi, na hilo linaniongezea uchungu. Shimesikio za kidijitali kamili zilianza kuenea sokoni mwaka 1996, mwaka ambao hapa kwetu redio ya betri ndiyo ilikuwa fahari ya nyumba. Kufikia 2014 zilikuwepo zinazopokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye simu, na simu yenyewe ikiwekwa mezani karibu na msemaji inaweza kuwa maiki. Januari 2020 ikatangazwa aina mpya ya sauti ya Bluetooth isiyokula betri sana, na 2022 ikafuata njia iitwayo Auracast, ambayo kwayo kituo kimoja kinarusha sauti kwa shimesikio zote za karibu zenye uwezo wa kuipokea, bila kujali ni ngapi. Naiona kazi yake kanisani, msikitini, kwenye mkutano wa kijiji, kwenye stendi ambako mtangazaji anataja mabasi na wazee wanabaki wanaulizana. Lakini hata njia hiyo inaanzia kwa mtu anayekubali kusema karibu na maiki.

Wapo watoto ambao shimesikio haziwafai kabisa, na kwao Lugha ya Alama ndiyo mlango wa shule. Tabora mjini kuna shule ya viziwi tangu mwaka 1963. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio, upasuaji ambao awali watoto wetu walipelekwa India kuufuata. Nao waliopandikizwa wanasaidiwa na maiki hizi hizi darasani. Nimefundisha miaka mingi katika mkoa wenye shule ile, na sikuwa najua hata alama ya kumwamkia mtu. Nimeanza kujifunza. Binti na mimi tuna alama za "sijasikia" na "rudia", ambazo anazitumia bila kunyanyua mkono wala kuona haya.

Amemaliza darasa la saba na amefaulu. Sekondari kila somo lina mwalimu wake, kwa hiyo maiki itabidi ihame shingo kila kipindi, siku nzima, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nimemwandikia mkuu wa shule anayokwenda. Nimeeleza namna ya kuichaji, umbali wa shubiri moja, wakati wa kuizima, betri za namba 13, mtihani wa mluzi. Nimeomba isiingizwe kwenye leja ya stoo, kwa kuwa ni mali ya mwanafunzi na inatembea naye. Nimeomba akae mbele, upande usio na barabara. Nimeandika pia nilichomfanyia, bila kukipunguza, ili atakayeipokea maiki asione ni jambo dogo. Jibu halijaja. Shule zinafunguliwa Januari, na kabla ya hapo tutapanda basi sisi watatu, bibi, binti na mimi, nikamwombe kila mwalimu aivae, asimame ubaoni, aseme sentensi moja yenye "msi-" ndani yake, na binti aliye dawati la nyuma amwambie alichosikia.